Mshono wa Msiba

Jumamosi, katika duka la vitenge mjini kati hapa Bujumbura, niliwakuta kina dada wawili, mtu na mdogo wake, wakichagua sare ya msiba. Mkubwa alijiwekea kitenge cha zambarau kifuani, akageuka mbele ya kioo, akainama kidogo kama mtu anayelia.

"Mugongo tuache wazi," alisema. "Tukiinama ku jeneza, wapiga picha watakuwa nyuma yetu."

Mdogo akakataa. "Apana, mugongo wazi ni ya harusi. Tuweke dantela, lasi ya matundu-matundu."

Muuzaji akakata kitambaa cha kutosha ukoo mzima. Nami, kwa adabu tuliyofunzwa, nikawapa pole ya msiba.

"Msiba gani?" Mkubwa alinitazama kuanzia viatu. "Papa iko ku hospitali, hajakufa bado. Lakini fundi wetu anachelewaga sana!"

Simu yake ikalia. Alisikiliza, uso ukamshuka.

"Papa ameamka," alimwambia mdogo wake. "Anaomba uji."

Mdogo akakitazama kile kitambaa mezani, akasonya. "Na wamekwisha kata!"

Siku hizi tunafiwa ili tupendeze. Marehemu ni kisingizio cha kushona tu, na huyu mzee amekosa hata adabu ya kufa kwa wakati.

Mzee wangu, kama kuna anayekusomea gazeti hili hapo kitandani, kunywa uji wote. Kisha uishi, uishi sana, mpaka mshono ule upitwe na wakati.