Hoteli Aliyoichagua Wifi

Wifi yangu ni fundi wa cherehani. Ni mdogo wa mume wangu, wamefuatana ziwa moja, na tangu nimeolewa kwao hatujawahi kukubaliana jambo mara ya kwanza. Anashona sare za shule. Watoto wa mtaani wanamwita Pindo, kwa sababu kila sketi na kila suruali anaiachia pindo nene. Mtoto akirefuka nguo inateremshwa, mzazi hanunui nyingine. Mafundi wenzake wanamlaumu kwamba anawaharibia kazi. Yeye anawajibu, "Mimi nashonea watoto. Nyinyi endeleeni kushonea mifuko yenu."

Alipofiwa na mumewe alikuja kukaa kwetu, chumba cha mbele, cherehani ikawekwa dirishani. Ndiyo maana namjua. Na kitu ambacho kila anayemjua Pindo anakijua ni kwamba anapenda kula. Simsengenyi, mwenyewe hakatai. Mwili hana, mtu wa kupeperushwa na upepo, lakini sahani ikienda kwake inarudi kama imeoshwa. Nilikuwa namuuliza chakula kinakwenda wapi. Ananiambia kinakwenda miguuni, kwani anayekanyaga cherehani kutwa nzima ni nani?

Basi koo likaanza kumbana. Kwanza lilikataa nyama, halafu mkate, halafu wali. Mwisho hata mchuzi mtupu ukawa unarudi. Daktari wa kwetu akasema njia ya chakula imefanya kovu, imekuwa nyembamba, na mashine ya kuipanua hawana, iko nchi ya pili. Wakamtia mpira puani. Uji na maziwa vikawa vinasukumwa humo, yeye amekaa anaangalia ukuta.

Nyumbani tukahamia kula jikoni. Mlango tunaurudisha, vijiko tunavishusha polepole. Mimi ndiye niliyeamua hivyo na kila mtu akafuata. Mtu hawezi kula, utamkalia mbele unatafuna? Mume wangu alikula amesimama karibu na ndoo ya maji. Pindo yuko kwake anashona, mpira umebandikwa shavuni.

Ilipofika siku ya safari, magoti ya mume wangu yalikuwa hayapandi basi. Nikasema nitampeleka mimi. Watoto wangu wakaanza: mama, wewe kusoma kwenyewe kwa kubabaisha, huko lugha nyingine, mtapotea. Nikawaambia mdomo ninao na miguu ninayo, anayetaka kunizuia alale mlangoni. Hakulala mtu.

Tukafika, wakampanua lile koo, mpira ukatoka. Maji yakapita. Uji ukapita. Siku ya mwisho daktari akaja na muuguzi mmoja aliyejua lugha yetu, binti mpole, akatueleza mbele ya kitanda: "Leo ale chakula cha kutafuna. Kiwe laini, kidogo kidogo. Kikipita, kesho mnakwenda nyumbani. Kikikataa, daktari itabidi amtoboe tumbo, mpira ukae pale. Na huo hautatolewa leo wala kesho."

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Chakula cha wodini kikaja kwenye sinia. Akalisukuma.

"Sili."

"Unaanza," nikasema.

"Chakula changu cha kwanza sitakila nimevaa gauni lililo wazi mgongoni. Aliyelishona hili hakumaliza kazi. Nataka kuvaa nguo zangu, niende hotelini, niagize kama watu."

Nikajua daktari atakataa, na kusema kweli nilitaka akatae. Muuguzi akaenda kuuliza, akarudi anacheka. Ameruhusiwa, lakini tusiende mbali, akae wima, maji yawe karibu. Akanifundisha na mimi la kufanya akikabwa: muinamishe, kiganja hapa katikati ya mabega, piga kwa nguvu. Akanijaribisha kwenye mto.

"Usimfundishe sana, mwanangu," Pindo akamwambia. "Huyu anatafuta nafasi ya kunipiga tangu alipoolewa na kaka yangu."

Tukatoka. Mimi nimevaa gauni langu la heshima, lile la harusi za watu. Hoteli ya kwanza nilishaiona tangu tulipofika, ng'ambo ya lango la hospitali. Vitambaa vyeupe mezani, viti vya mito, mhudumu amevaa tai.

"Hapa," nikasema. "Hapa ni pa mtu mwenye jambo lake."

Mhudumu akatuvutia viti, akasimama kando yetu mikono nyuma. Pindo alikaa. Akakunja ncha ya kitambaa cha meza, akatazama ulivyoshonwa mshono wake. Akageuka kutazama meza nyingine, zote tupu. Akasimama.

"Twende."

"Kuna nini tena?"

"Hakuna anayekula humu."

"Si ndiyo vizuri? Ukikabwa nani atakuona?"

"Wifi, nimesema twende."

Nikamfuata nimenuna. Yule mwenye tai alibaki ameshika kiti. Mbele kidogo nikapata nyingine, na hii nikaona Mungu mwenyewe kaiweka: vyumba vidogo vidogo vya mbao, kila kimoja na pazia lake. Mtu unakula ndani, nje hakuna anayejua. Nikamfungulia pazia. Akaingiza kichwa, akakitoa, akalirudisha pazia kwa mkono wake mwenyewe.

"Unanificha?"

"Nakusitiri."

"Mmenisitiri vya kutosha nyumbani." Hakupaza sauti. "Nasikia mlango wa jikoni unarudishwa. Nasikia kaka yangu anashusha kijiko kama mwizi ndani ya nyumba yake. Mnafikiri koo likiziba na masikio yanaziba? Nilikaa kwenye cherehani nangoja angalau mmoja wenu atafune nimsikie. Nyumba nzima kama mmeshanizika."

Tukatoka.

Sasa akatangulia yeye. Nikamwona anavyochagua. Hatazami vitambaa, hatazami bei, hatazami jina juu ya mlango. Anasimama dirishani anatazama vinywa. Akiona wanaongea tu, anapita. Akiona wamekaa na vikombe vya chai, anapita. Tulipokaribia gereji moja ya magari, akasimama mbele ya dirisha lililojaa mvuke. Ndani kuna mabenchi na meza ndefu. Mafundi wa magari wamevaa ovaroli zenye mafuta, wanawake na watoto wao, sahani zinagongana, mzee mmoja ananyonya mfupa kwa sauti ambayo ilitufikia tulipo.

"Hapa," akasema.

"Hapa? Nimevuka mpaka na gauni hili kuja kukaa benchi moja na ovaroli?"

"Gauni lako likae nje kama halitaki. Mimi naingia."

Nikaingia shingo upande.

Tulibanana mwisho wa benchi, ukutani. Mama mwenye aproni akatuletea karatasi ya vyakula, akasema maneno yake. Nikaishika ile karatasi, nikaikagua juu mpaka chini bila haraka, nikamrudishia. Pindo alishamwonyesha kwa kidole sahani ya jirani: viazi vilivyoiva mpaka vimepasuka, na nyama iliyochemshwa mpaka inaachia nyuzi. Mama akainua vidole viwili. Pindo akaitikia.

Sahani zikaja zinafuka. Hakugusa.

"Anza wewe," akaniambia.

"Mgonjwa ni wewe."

"Ndiyo maana nakwambia anza. Kula nikuone."

Nikala. Nilikuwa sijatia chakula kinywani mbele yake muda wote ule, na kile kiazi cha kwanza kilinigandia mdomoni kama pamba.

"Tafuna basi. Usinifanyie adabu."

Nikatafuna kwa sauti, mdomo wazi, kama yule mzee wa mfupa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akachukua kijiko, akaponda kiazi kwa mgongo wa kile kijiko, akakitia mdomoni.

Alitafuna. Akatafuna tena. Nilitaka kummezea mimi. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya meza, kiganja kimekunjuka. Nikaona koo linapanda, linashuka. Akafumba macho, akakaa hivyo, anasikiliza ndani mwake kama mtu anayengoja kisima kitoe mlio wa ndoo. Akayafumbua, akanywa maji, akachukua kijiko cha pili.

Kiazi kilikwenda. Kijiko cha tatu kikaenda. Akavuta uzi wa nyama.

Hapo aliacha kutafuna. Macho yakajaa maji, mkono ukakamata ukingo wa meza. Sikumbuki niliinukaje. Najua benchi lilisogea na wote waliokalia, fundi mmoja akamwagikiwa na mchuzi, na mimi nimeshamshika wifi yangu bega, namwinamisha, kiganja kiko juu.

"Kaa chini, mwanamke," akasema, uso uko karibu na sahani. "Imepita. Nalia tu."

"Imepita kweli?"

"Ningekuwa naongea?"

Nikakaa. Nilimwomba fundi radhi kwa lugha yetu, naye akanijibu kwa yake, akafuta ovaroli kwa kipande cha mkate, akakila. Wote wakarudi kwenye sahani zao, kelele ikaanza upya, na mimi nikasikia njaa. Njaa ya ajabu, kama si mimi niliyekuwa nakula jikoni siku zote zile. Nilimaliza sahani yangu nikaipangusa na kidole. Pindo alikwenda polepole, nusu kijiko, maji, nusu kijiko, mpaka watu wa meza yetu walipoondoka na wengine wakakaa. Sahani yake haikurudi safi kama zamani, lakini nyama yote aliimaliza. Akasema chumvi wamesahau na kwamba mimi ningepika vibaya zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia raha kutukanwa upishi.

Asubuhi daktari akampa mkate aumeze mbele yake. Akamshika shingo, akamwangalia mdomoni, akasema neno moja kwa muuguzi. Binti yule hakututafsiria, alimkumbatia tu Pindo. Ule mpira wa tumboni, uliokuwa umewekwa tayari kwenye meza ndogo, akauchukua akatoka nao.

Kwenye basi wifi yangu alichukua kiti cha dirishani bila kuuliza, nami nikamwachia. Nililala kabla hatujatoka mjini, usingizi wa kufa, sikuwahi kulala vile tangu koo lile lilipoanza kubana. Njiani nikafumbua macho mara moja. Alikuwa anakula ndizi iliyoiva, anaitafuna taratibu, anatazama nje. Nikayafumba tena.