Nimetolewa ukumbini kwa sababu ya vigelegele

Jamani, leo nimetolewa ukumbini kama mwizi wa kuku!

Nilikwenda Auderghem, huku Ubelgiji, kumsikiliza mama mmoja wa Meksiko, anayetunga na kuimba ranchera, zile nyimbo zao za mapenzi na kuachwa. Anaimba mpaka unamlilia mwanaume ambaye hata hukumpenda.

Ukumbi kimya, utadhani watu wanafanya mtihani.

Alipoivuta ile sauti ya kilio, mie nikashindwa. Nikapiga vigelegele.

Jirani yangu wa kiti, mama wa Kibelgiji, akamwita dada wa mlangoni. Nikashikwa mkono: “Madame, unaharibu muziki. Nje!”

Sijafika mlangoni, gitaa likanyamaza. Mwimbaji akauliza, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga: “Mnampeleka wapi? Kwetu, ranchera isipopigiwa ukelele, mtunzi anajua wimbo wake umekufa!”

Nikarudishwa. Basi ukumbi mzima ukaanza kupiga kelele, dada wa mlangoni naye yumo!

Mwishoni jirani akanijia, meno yote nje. Eti nimfundishe vigelegele. Radhi hajaomba!

Semeni nyie kama nimemkosea. Nimemwambia: “Anza na samahani. Ukiiweza hiyo, vigelegele ni rahisi.”