Shali Ndani ya Kiti

Rodion Yevseyevich alijizungushia shali ya marehemu mkewe kiunoni, akaipandisha mgongoni, kisha akavaa fulana juu yake. Akajitazama kwenye kioo. Haikuonekana.

Kando ya mlango lilikuwepo sanduku la safari. Mkewe, Agniya, ndiye aliyelipanga kwa mikono yake, soksi chini, wembe juu, na hakuna aliyelifungua tena. Mara mbili walilikalia, mume na mke, bega kwa bega, wakanyamaza kidogo kama inavyopasa kabla ya mtu kuondoka nyumbani. Mara mbili Rodion alifika jangwani, kwenye kituo cha kurushia roketi, akiwa mtu wa akiba, wa kuruka iwapo mwenye safari ataugua. Na mara zote mbili wenye safari waliamka wazima, wakapaa, yeye akarudi na sanduku lake.

"Ya tatu ni yako," Agniya alimwambia, huku anamenya viazi.

Ya tatu haikuja. Nchi ilivunjika, fedha zikakauka, roketi zikawa za kuhesabika. Kiti kimoja wakaanza kuwauzia wageni. Wenzake Rodion wakatafuta maisha. Mmoja anauza matairi, mwingine anafuga nyuki. Yeye alibaki katika kikosi cha wanaanga, kwa sababu hospitalini, siku ya mwisho, Agniya alimshika kidole gumba akasema, "Usijitoe. Nimengoja na wewe miaka yote. Usije ukafanya niwe nimengoja bure."

Basi hakujitoa. Na leo ilikuwa siku ya kupimwa kiti.

Kiti cha mwanaanga hakinunuliwi dukani. Mtu hulazwa kwenye plasta mbichi mpaka igande kwa umbo la mgongo wake, na kiti kikishatoka hapo ni chake peke yake. Kila mwaka anarudishwa humo ionekane kama bado kinamwenea. Kisipomwenea, haruki. Chombo kinaporudi hugonga ardhi kwa kishindo, na pengo dogo tu mgongoni linatosha kumvunja mtu uti. Plasta mpya nayo haimwagwi kwa ajili ya mtu asiye na safari.

Tangu Agniya azikwe, Rodion alikuwa anakula mkate mweusi amesimama dirishani, basi. Alijua amekonda.

"Karibu, bwana harusi," alisema Klavdia Prokhorovna, mpimaji wa viti, mama wa mikono mikubwa. Ndiye aliyemwaga kiti chake zamani. "Panda. Magoti kifuani. Au nikubebe?"

"Utavunjika kiuno."

"Kiuno changu kimebeba wanene kuliko wewe. Jana nilikuwa na yule tajiri wa ng'ambo. Kalala kwenye plasta, kakoroma! Kaamka anauliza chakula kiko wapi."

"Anaruka lini?"

"Vuli."

Rodion akajilaza.

"Mkuu anasema bwawa la mazoezi halina mwalimu," alisema Klavdia, akimfunga mikanda. "Anakutaka wewe. Si humo namo mtu anaelea, kama angani?"

"Hata gogo linaelea, Klavdia Prokhorovna."

"Gogo halipewi mshahara."

Akajaribu kupitisha vidole kati ya mgongo na kiti. Vikagoma. Akatabasamu, kisha tabasamu likasita. Akabonyeza tena.

"Mbona laini hapa?"

Rodion alitazama taa ya darini.

Klavdia akavuta ncha ya fulana. Manyoya meupe ya mbuzi yakachungulia. Aliijua shali ile. Aliwahi kuiazima siku ya baridi kali, walipopanga foleni ya nyama pamoja, yeye na Agniya.

"Rodion Yevseyevich," alisema taratibu. "Hii si..."

"Ndiyo."

Klavdia akaenda akafunga mlango, akarudi.

"Mimi naona kimekuenea," alisema. "Nikisema hivyo, nani atakuja kukufunua?"

Shali ilikuwa imepata joto mgongoni mwa Rodion. Ilimbana mbavuni na mabegani, na tangu mazishi hakuna kitu wala mtu aliyemshika hivyo. Angeweza kulala pale mpaka jioni.

Lakini alimkumbuka Agniya kwenye foleni ile ya nyama. Mtu alimwita asogee mbele, akakataa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Rodion alimgombeza. Akajibiwa, "Haikuwa zamu yangu."

"Itoe," alisema.

"Nikiitoa, ndiyo basi tena."

"Najua. Itoe polepole. Ina uzi umefumuka pembeni."

Klavdia aliivuta kidogo kidogo, akaikunja, akaiweka kifuani pake Rodion. Kisha akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake. Ukaingia mzima, ukatokea upande wa pili.

"Waambie hivyo," alisema Rodion.

"Nitawaambia. Kesho. Leo kula kwanza, mifupa wewe."

Nyumbani alitundika shali kwenye msumari wake. Akalikalia sanduku, upande wake wa siku zote, upande wa pili akauacha. Akanyamaza kama inavyopasa. Chini barabarani hapakuwa na gari linalomngoja. Theluji tu ilikuwa inaanguka.

Kimya kilipotosha akainuka, akafungua sanduku, akatoa soksi za chini kabisa. Zilikuwa nzito, kisigino kimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine.

Akazivaa. Sakafu ya bwawani ina baridi, na mwalimu husimama hapo kutwa.