Taa ya Kibandani Ilikuwa Inawaka

Saa kumi na mbili asubuhi, Fernande Rivard anatoa shuka za hoteli kwenye mashine ya watu. Ni shuka zilezile alizokuwa akizifua nyumbani kwake, huku Abitibi, kaskazini mwa Quebec, mpaka baridi ya mwaka huu. Sasa anazifua mjini, ameajiriwa na dobi mkubwa, kwa nusu ya alichokuwa akipata.

"Hii yenye kiraka naijua," anasema, akiikung'uta. "Kiraka nilishona mwenyewe. Leo natumwa niifue kama mgeni. Hebu niambie, hayo si matusi?"

Aliyemfikisha hapa ni mdogo wake, Donat. Mtu mwema tu, na hilo ndilo linalouma.

Vuli iliyopita Donat alipata kibarua cha kupita nyumba kwa nyumba, akitoa balbu za zamani na kuweka hizi zinazokula umeme kidogo. Akaanzia kwa dada yake. Fernande akampikia supu ya njegere na kumfungulia kila mlango, hata wa kibanda cha pampu ya kisima.

Kibandani humo, tangu enzi za baba yao, balbu kubwa huwashwa jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda, ikianguka, na haizimwi mpaka theluji iyeyuke. Si ya kumulika. Ni ya kupasha bomba lisigande. Usiku ukichungulia dirishani ukaiona inawaka, unajua maji yapo. Ndugu hawa wawili wamekua wakitumwa kuichungulia.

Donat akaibadilisha pamoja na nyingine. Mkono ulishazoea kufungua na kufunga, akili ikabaki jikoni kwenye supu.

"Januari baridi ikakaza," anasimulia Fernande. "Nikachungulia kama kawaida. Inawaka, nyeupe pee! Nikalala fofofo. Asubuhi nafungua maji, kimya. Pampu imepasuka, bomba limeganda mpaka ardhini. Kumbe balbu mpya inamulika tu, haipashi. Tabenakulo!"

Huku watu wakikasirika hutukana kwa kutaja vyombo vya kanisani, na siku hiyo, anasema, altare nzima ilitajwa. Hoteli ilimvumilia kidogo, kisha ikapeleka shuka zake mjini.

Jumapili nawakuta jikoni kwake. Maji ya kupikia yamo ndooni, ya kuomba kwa jirani. Donat hajavua hata koti.

"Lakini dada, humu ndani si umeokoa umeme?"

"Nimeokoa nini, we Donat? Zile balbu zilikuwa zinapasha. Hizi zako hazipashi, hita ya ukutani inafanya kazi yake na ya taa. Hita yenyewe si ya umeme? Nyumba inataka joto lake lilelile! Umelitoa darini ukaliweka ukutani, halafu unadai shukrani?"

"Kiangazi utaona tofauti."

"Kiangazi! Hicho cha mbu, kinachopita bado natafuta kandambili?"

"Na ile ya nje, ya barazani?"

"Haya, hiyo nakupa. Barazani sipashi mtu. Chukua ushindi wako uende nao."

Donat anacheka, anaona anacheka peke yake. "Mimi nilijua ile balbu ni ya nini," ananiambia kwa sauti ya chini. "Mimi, wa nyumba hii. Angekuwa mgeni ningemtukana."

"Hata mimi nilimfungulia mlango," anasema Fernande, bila kumtazama. Kisha anamjazia bakuli.

Mei, ardhi ikilainika, Donat atachimba mtaro mpaka kisimani kwa sepetu, yeye mwenyewe. Pampu iliyotumika imeshapatikana, na safari hii kibandani itawekwa hita ndogo. Fernande ataiomba hoteli imrudishie shuka zake. Hawajamwahidi kitu.

Giza linaingia. Dirishani naona kibanda cha pampu, na ndani yake taa ile nyeupe bado inawaka, juu ya pampu iliyokufa. Namwuliza Fernande kwa nini haizimi.

"Aizime aliyeiweka," anajibu. "Siku maji yatakapotoka. Kabla ya hapo, kila akija kunywa supu yangu, akae kiti hicho, aitazame."

Donat anakula, uso umeelekea dirishani.