Majani Arobaini

Mwanangu alipougua tetekuwanga, daktari alisema itaondoka yenyewe. Lakini muwasho ulimkosesha usingizi siku mbili, na mimi nikawa nagombana hata na paka. Nikampigia simu mama yangu aliyeko Kiwengwa. "Chemsha majani ya mwarobaini, yaache yapoe, umkoshe mwili," akasema, akakata.

Mwarobaini uko nyuma ya nyumba yetu Kikwajuni. Nikachuma majani arobaini kamili, moja moja, maana jina la mti si ndilo hilo? Nilipofika thelathini na kitu jirani akanisalimu, hesabu ikanipotea, nikaanza upya kwa hasira.

Nilimkosha asubuhi na jioni. Siku ya pili akaacha kujikuna, akalala toka adhuhuri hadi alasiri. Nikakaa sakafuni kando yake, nikashusha pumzi.

Nikampigia mama kumshukuru, nikamweleza nilivyohesabu. Akacheka hata akakohoa. "Arobaini ni maradhi unayotibu huo mti, si majani! Ungevunja tawi zima tu."

Nikaona haya.

"Usijali," akasema taratibu. "Ulipougua wewe, hata miye nilihesabu."