Taa ya Latifu Ng'ambo ya Maji

Shadia wa Kamembe alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka kwanza alowe ndipo akubali. Kwa hiyo wifi yake Teta alipomletea kitambaa cheupe cha eda, alikikunja akakisukumia chini ya cherehani. Mumewe Latifu, fundi wa taa za karabai, alikuwa kwenye kibanda chake Bukavu, ng'ambo ya ziwa, vita vilipoanza upya Agosti ile ya 1998, na hakurudi. Lakini maiti haikuonekana. Tena kila magharibi, kwenye kilima cha ng'ambo, mahali pale pale pa kibanda, iliwaka taa nyeupe.

"Bwana yangu iko kazini," alisema. "Eda ya nini?"

Muderhwa, jirani wa Latifu kule Bukavu, alivuka kuja kumwambia ukweli. "Maman Shadia, ile kibanda iliungua. Hata paa hakuna. Hakuna muntu anawasha taa pale."

Shadia alimvuta hadi mlangoni akamwonyesha. Muderhwa alitazama, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Machi ya mwaka uliofuata mwalimu Ladislas, wa nyumba ya pili, alileta suruali ipunguzwe, redio kwapani. Ilikuwa ikieleza kwamba mnamo Januari ulionekana mlipuko mbali mno angani, mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijakuwapo, na sasa darubini iliyo nje ya dunia imepiga picha mabaki ya mwanga huo.

"Mwalimu, banajuaje kama si nyota tu?" Shadia aliuliza.

"Banapiga photo, banangoja, banapiga ingine. Nyota inabaki vile iko. Hii iko inapunguka. Basi ni mwanga yenye ilibakia tu, kintu yenyewe ilishakufa."

Shadia aliweka mkasi chini. Alijuta kuuliza.

Jioni ile alikitoa kitambaa, akakikunja tabaka nne, akaitazama taa kupitia humo, apime kama nayo inapunguka. Ikaonekana, naye akafurahi kama mtoto. Akangoja siku kadhaa, akarudia. Kwa tabaka nne, giza tupu. Kwa tatu, ilionekana kwa shida. Akajiambia ni macho, akamwita Teta. Teta aliona vivyo hivyo, akaanza kusoma dua. Mvua za Aprili zilipiga na upepo wa ziwa ukavuma, taa isiyumbe hata kidogo, ilififia tu. Zikabaki tabaka mbili. Shadia alikonda.

Siku mwanga ulipopenya tabaka moja tu, aliacha ubishi. Alikoga, akavua bangili, akakikunjua kitambaa chote na kujitanda hadi usoni, akaketi kuelekea majini.

"Nimekubali, bwana yangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Siwezi kukuacha uzimike peke yako."

Ng'ambo, ile taa ambayo upepo haukuwahi kuiyumbisha iliyumba mara moja, kisha pakabaki kilima tu.