Baba Ataketi Mbele ya Kamera Jumamosi, na Mimi Ndiye Nilimdanganya

Admin, usiweke jina langu wala la hoteli. Bado nafanya kazi huko.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 43, naishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret. Baba yangu ana miaka 77. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha zamani cha kusaga ngano huko Ainabkoi, akasaga mpaka kikafungwa. Tangu mama afariki anakaa kwangu. Alikuwa anashinda kimya tu, akiangalia ukuta.

Halafu tajiri mmoja akanunua hicho kiwanda, akaanza kukigeuza hoteli ya wageni wa maana. Niliomba kazi nikapata ya kusimamia usafi wa vyumba. Meneja aliposikia baba alikuwa mfanyakazi wa hapo, akaniambia nimlete, kwa sababu mafundi walikuwa wamekwama, hawajui jengo lilivyokuwa zamani. Baba akawaonyesha kila kitu, mpaka dirisha lililozibwa kwa mawe ambalo hakuna mtu alijua liko. Siku hiyo alirudi na vumbi kwa nywele, akaomba aongezewe ugali. Nililia jikoni kwa furaha.

Hoteli ilipofunguliwa wakampa kiti karibu na ile mashine kubwa ya kusaga. Waliipaka rangi wakaiacha hapo mapokezi kama pambo. Wakamshonea baba aproni nyeupe. Kazi yake ni kusalimia wageni na kuwaeleza ngano ilikuwa inasagwa aje.

Sasa, baba hana vidole vitatu kwa mkono wa kulia. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamuuliza kilichompata. Baba hajui kuficha kitu. Akamwambia rafiki yake Wafula alishikwa koti na mshipi wa mashine hiyo hiyo, yeye akaingiza mkono kumvuta, vidole vikabaki huko. Na Wafula akafa hapo hapo, mahali wageni wanakunywa chai siku hizi. Yule mama akaweka kikombe chini, akaomba dereva wake aitwe.

Meneja akaniita ofisini. Hakunipigia kelele, hata alinivutia kiti. "Mama, watu wanakuja hapa kupumzika. Mzee avae glavu. Na hiyo stori ya mtu aliyekufa aiache. Ongea naye wewe, akisikia kutoka kwangu ataumia."

Jamani, niko na mtoto chuoni na mwingine sekondari. Nilinunua glavu nyeupe, nikajaza pamba kwa vidole vitatu vya glavu ya kulia ili visilegee, kisha nikamwambia, "Baba, wameona baridi ya Ainabkoi inakusumbua mkono. Wamekuletea hizi."

Akavaa, akageuza mkono huku na huku, akacheka. "Kumbe hawa watu wananijali! Nimeota vidole uzeeni."

Hiyo ingine ya Wafula ilinishinda kusema. Kwa hivyo nikipita na mashuka nasikiliza amefika wapi, na akikaribia kumtaja, naingilia: "Mzee, unaitwa jikoni." Baba anainuka polepole, anaenda jikoni, anapata hakuna mtu anamwita. Anarudi. Hajawahi kuniuliza. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka najichukia, na nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuvua viatu.

Wiki iliyopita meneja akasema watu wa kamera wanakuja Jumamosi kumrekodi baba kwa video ya kutangaza hoteli. Akanipa karatasi ya maneno nimfundishe. Jina la Wafula halimo. Imeandikwa kwamba hapo kazi ilikuwa raha, na wote walistaafu wakiwa wazima.

Nilifika nyumbani na hiyo karatasi nikampata baba kwa simu, anaongea kwa nguvu na mjane wa Wafula, mama mzee anayeishi Timboroa. "Wewe njoo Jumamosi! Nitamtaja jina lake lote, nchi nzima isikie." Akakata simu, akanigeukia. "Wewe si ndiye uko na hao wakubwa? Wamekubali nimtaje, eeh?"

Nikasema, "Ndiyo, baba. Wamekubali."

Sijui hilo neno lilitoka wapi. Labda ni uchovu, labda ni uoga. Nikienda kwa meneja kumtetea, kazi naipoteza, na baba atapoteza kile kiti kilichomrudisha duniani. Nikimwambia baba ukweli, atajua hii miezi yote ni mimi nilikuwa namnyamazisha, si wao.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi yule mjane amenipigia mwenyewe. Alikuwa ananiuliza avae nguo ya rangi gani ndio aonekane vizuri kwa video.

Nimemwambia avae ya buluu. Ndugu zangu, msinitusi, nimechoka tayari. Nishaurini tu: kabla ya Jumamosi nianze kumwambia nani ukweli, na niseme nini?